Daftari la Klorini

Maneno niliyowaambia mafundi na viongozi wa vyombo vya watumia maji katika Wiki ya Maji, kwenye ukumbi wa mji mmoja mdogo chini ya Mlima Meru. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu. Vicheko nimeviondoa, na mambo mawili matatu niliyoyasahau nikiwa mbele ya watu nimeyarudisha mahali pake.

Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, poleni na kazi. Kina mama wa magati, mnaouza maji kwenye vituo vya kuchotea, nawaona mmekaa karibu na mlango na sababu naijua: ndoo zikishapanga foleni hazitaki kusikia kwamba mhudumu yuko semina. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Nimefanya kazi ya maji miaka 34, nikaanza kwa kuwasha pampu na kumalizia maabara. Barua ya mwaliko inasema nizungumzie maji safi na salama. Maneno hayo mawili tumeyatembeza pamoja kama Kulwa na Doto mpaka tunadhani ni mtu mmoja. Usafi unauona kwa jicho. Usalama huuoni. Maji yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu, na hakuna bibi wala profesa atakayevitambua kwa kutazama. Ndiyo maana kazi yetu ina kifaa cha kupimia, na kifaa kina daftari lake. Walionialika nadhani walitegemea nianze na vyanzo na upandaji wa miti. Naanza na daftari, na pengine nitaishia hapo hapo.

Kuna mji mdogo nchini Kanada, katika jimbo la Ontario, unaitwa Walkerton. Mwaka 2000 ulikuwa na wakazi wapatao 4,800, wengi wakiishi kwa kilimo na mifugo ya pale jirani. Kata zetu nyingine zina watu wengi kuliko hao. Sijawahi kufika. Ninachokijua nimekisoma katika ripoti ya tume ya Jaji Dennis O'Connor, iliyotoka mwaka 2002, na niseme ukweli: niliifungua nikitegemea kukutana na Wazungu na mitambo yao, nikakutana na watu ninaowafahamu. Meneja wa maji aliyepanda cheo kwa uzoefu bila kukaa darasani. Msimamizi wa mafundi ambaye ni ndugu yake wa damu. Wananchi wanaolalamika kuwa maji yananuka dawa. Bodi inayoijua fedha na kumwachia meneja habari za ubora. Nani hapa hajawahi kufanya kazi mahali kama hapo?

Mji ule ulitumia visima vitatu. Kimoja, walichokiita Kisima Namba 5, kilichimbwa mwaka 1978 na kilikuwa kifupi. Maji yake yalitoka kwenye miamba yenye nyufa, mita chache tu chini ya ardhi. Jirani palikuwa na shamba la ng'ombe. Mwenye shamba alitandaza samadi kama wataalamu wanavyoelekeza, na tume ilisema wazi kwamba hana kosa. Nalisisitiza hilo kwa sababu kwetu maji yakiharibika mtu wa kwanza kusakamwa ni mfugaji. Basi, mwezi Mei ikanyesha mvua siku kadhaa mfululizo, na tarehe 12 ikazidi. Maji yakateremka na samadi, yakapita kwenye nyufa, yakaingia kisimani. Ndani yake mlikuwa na E. coli ya ile aina inayoharisha damu na kuharibu figo za watoto.

Hapa sasa naomba tusikilizane. Kisima kile kilikuwa na mtambo wa klorini, ile dawa ya kuua vimelea. Mwongozo wa jimbo lao ulitaka klorini iliyobaki kwenye maji baada ya dakika 15 isipungue miligramu 0.5 kwa lita, na mhudumu apime kila siku na kuandika. Siku nyingi hawakupima. Waliandika. Karibu daftari zima lina namba mbili zinazopokezana zamu: 0.5, 0.75, 0.5, 0.75. Miaka nenda, miaka rudi. Tarehe 13, 14 na 15 Mei, uchafu ukiwa umeshaingia, mtu alifika kisimani siku zote tatu, na siku zote tatu daftari likasema 0.75.

Mafundi mnajua ninachotaka kusema, lakini wenyeviti na wahazini wako hapa, kwa hiyo nieleze. Klorini ikikutana na uchafu hupambana nao, na katika kupambana inatumika, inakwisha. Ile inayobaki baada ya pambano ndiyo tunayoipima. Kama dozi yako ni ile ile ya kila siku, halafu leo ukapima ukakuta iliyobaki imeshuka, ujue kuna kitu kimeila. Hujui ni kitu gani, ila umeshaambiwa. Kule Walkerton samadi ilikuwa nyingi kiasi cha kuimaliza klorini yote, na dozi yenyewe walikuwa na mazoea ya kuipunguza ili watu wasilalamikie harufu. Mtu ambaye angepima maji ya kisima kile baada ya ile mvua angekuta klorini hakuna. Tume ilisema kipimo cha kila siku kisingezuia maradhi yote, lakini kingepunguza sana idadi ya walioumwa. Kifaa kinachopima saa zote na kufunga pampu chenyewe kingezuia kabisa. Sisi hicho hatuna. Tuna fundi, ana pikipiki siku ambayo ina mafuta.

Yaliyofuata nitayapita haraka, maana yanauma. Tarehe 17 maabara ikamtumia meneja majibu kwa faksi: maji yana vimelea vya kinyesi. Akakaa nayo. Maabara ile ilikuwa ya binafsi, na wakati huo hapakuwa na sheria ya kuilazimisha iiarifu ofisi ya afya. Ilimpelekea mteja wake, basi. Tarehe 18 daktari wa watoto katika mji wa Owen Sound akawapokea watoto wawili wanaoharisha, mmoja baada ya mwingine, na tarehe 19 akaishtua ofisi ya afya. Ofisi ikampigia meneja. Akajibu maji hayana shida, huku mwenyewe ameshaanza kuongeza klorini na kufungulia mabomba yajisafishe. Tarehe 21 ofisi ya afya ikaamua yenyewe kutangaza kwamba watu wachemshe maji. Siku nne tangu ile faksi itoke. Waliokufa ni 7. Walioumwa ni zaidi ya 2,300, na kati yao kuna watoto ambao figo zao hazikurudi kama zilivyokuwa.

Mwaka 2004 mahakama ilimfunga meneja mwaka mmoja jela, na ndugu yake akapewa miezi tisa ya kifungo cha nyumbani. Majina yao yamo kwenye ripoti. Sikuyaleta hapa kwa makusudi, kwa sababu nikiyataja mtaondoka mkisema kulikuwa na watu wawili wabaya huko Kanada. Mbona wenyewe walikuwa wanayanywa maji yale pale pale kisimani, kabla hayajatiwa dawa? Waliyaamini. Walikunywa miaka yote hiyo bila kuumwa, wakaona kupima ni kujaza karatasi za wakubwa.

Nalijua wazo hilo linavyoingia kichwani, kwa sababu na mimi nimewahi kuandika 0.5 bila kupima.

Nilikuwa kijana, kwenye skimu moja ambayo sitaitaja. Vidonge vya kupimia, vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwamo, vilikwisha masika yakiwa yameanza. Nikaandika barua kuomba vingine. Nikaandika ya pili. Mkubwa wangu akaniambia fomu ya mwezi inatakiwa wilayani Ijumaa, na fomu yenye nafasi wazi inaleta maswali. Nikajaza. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa mzito. Wiki ya tatu nilikuwa nimeanza kupamba, 0.4 hapa, 0.6 pale, ili isomeke vizuri. Miezi mitatu hivyo. Vidonge vilipofika nilipima jioni ile ile, maji yakabaki kama yalivyo, hayakugeuka rangi. Sifuri. Pampu ya dozi ilikuwa imeziba, na tangu lini sijui mpaka leo, maana daftari ambalo lingenijibu nilikuwa nimelitunga mwenyewe. Kuna mtoto aliyeumwa? Kuharisha kila masika kupo, nani angeshangaa? Zahanati ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumba ya pampu. Sikwenda kuuliza.

Kwa hiyo siku hizi nikifika kwenye mradi naomba daftari kabla ya chai. Nikikuta namba ile ile imejirudia ukurasa mzima, simgombezi fundi, namwambia twende tukapime wote. Daftari linalopimiwa kweli lina madoa ya maji. Lina kalamu tatu tofauti. Namba zinapanda na kushuka, na kiangazi hazifanani na za masika. Mahali fulani pameandikwa "sikupima, vidonge vimekwisha." Wenyeviti, fundi aliyeandika mstari huo msimkaripie. Mkimkaripia, mwezi ujao atawaandikia 0.5, na mtafurahi.

Halafu, kupimia wapi? Wengi tunapima kwenye tangi kwa sababu ndiko pampu iliko na kuna kivuli. Tangi linakueleza ulichotia. Anachokunywa mwananchi utakijua kwenye bomba la mwisho, lile la kule chini kwenye kona, ambalo mwenye nyumba yake kila mkutano analalamika presha ndogo. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji klorini iliyobaki isiwe chini ya miligramu 0.2 kwa lita, hata hapo mwisho kabisa. Ukiona tangini 0.6 na kwenye kona 0.1, klorini imeliwa njiani, na hiyo njia ndiyo ya kuchimbua.

Njiani kuna nini? Mgao. Mabomba yetu hayana maji saa zote, na bomba likikauka halikai kimya, linavuta. Penye ufa, hasa linapokatiza mtaroni au pembeni ya choo, linavuta kilichoko pale. Maji yakirudi, wa kwanza kufungua koki ndiye anayeunywa mtaro. Nawaomba mpime saa hiyo, ingawa najua namba itawaudhi. Kina mama wa magati, mkifungua baada ya mgao acheni maji yakimbie kwanza mpaka yatakate. Anayesema mnamwaga maji ya watu mleteni kwangu.

Kuhusu dozi, fundi mmoja aliniuliza asubuhi kwa nini kipimo cha mwaka jana mwaka huu hakifanyi kazi. Tufanye hesabu. Tangi la mita za ujazo 50, unataka miligramu 2 kwa lita: unahitaji gramu 100 za klorini halisi. Unga ukiwa na nguvu ya asilimia 65, utapima gramu 154. Lakini unga ule hauvumilii joto wala unyevu. Kopo likishafunguliwa likakaa stoo yenye bati bila dari, nguvu inapotea. Ikishuka mpaka asilimia 40, gramu zile zile 154 zitakupa klorini gramu 62 hivi. Hukukosea kupima, kopo ndilo lililokuangusha. Na utajuaje kama limekuangusha? Tunarudi kwenye daftari.

Harufu. Nimesikia kila kitu kuhusu klorini, hata kwamba inapunguza nguvu za kiume. Nina watoto sita, na mjukuu wa kumi na moja kazaliwa Januari. Lakini harufu ni ya kweli, na chai ya maji yenye klorini nyingi haina raha; hilo tusiwabishie watu kama vile hawana pua. Maji yakiwekwa kwenye chombo safi kilichofunikwa kitambaa, baada ya saa kadhaa harufu inapungua. Mfundishe mwananchi hivyo. Ukipunguza dozi kumridhisha, umefanya kile kile kilichofanyika Walkerton, na nia yenu ni ile ile, ya kuwapendeza majirani.

Wahazini sasa, msijifiche. Nimeona bajeti za vyombo vingi. Kuna fungu la umeme au dizeli, la posho za vikao, la kununua mita. Vidonge vya kupimia havina fungu, vinasubiri "vikipatikana wilayani". Tangu sheria ya mwaka 2019 ilete RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyombo hivi vya jamii ndivyo vinavyokusanya fedha za maji, kwa hiyo mwenye pochi ni ninyi. Wekeni mstari wake.

Na majibu ya maabara ya wizara yakija, yasiishie kwa katibu. Kipimo cha vimelea kinakaa kwenye joto saa 24 kabla hakijasomwa, na bado kuna safari ya kwenda na kurudi. Kinakueleza maji ya wiki iliyopita, tofauti na kidonge kinachokueleza maji ya sasa. Bado tunavihitaji vyote viwili. Ninachoomba ni kwamba karatasi ile, ikiwa na sifuri au ikiwa na balaa, nakala yake ifike kwa mganga wa zahanati siku hiyo hiyo. Na yeye wagonjwa wa kuharisha wakiongezeka ampigie fundi. Mna namba zake? Nyoosheni mikono mlio na namba ya zahanati kwenye simu. Haya, wanne. Wakati wa chai mzichukue.

Mama mmoja alinifuata kabla hatujaanza, akaniambia, "Baba, sisi tunachemsha, meno ya wajukuu bado yanageuka kahawia." Nilimwahidi nitamjibu mbele ya watu, kwa sababu nusu ya ukumbi huu ina meno hayo na imenyamaza. Mama, hiyo ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya huu mlima wetu, kwa hiyo usimsake mchawi wala fundi. Klorini haiigusi. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Kwa miaka mingi nchi yetu ilivumilia miligramu 4 kwa lita kwa sababu vyanzo vingine hatukuwa navyo. Sasa kiwango ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichohangaika na jambo hili miaka mingi, na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe linafanya kazi mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Kwa mradi mzima, njia ninayoipenda ni kuchanganya maji ya kisima yenye floraidi nyingi na ya chemchemi yenye kidogo. Ila kuchanganya bila kupima ni kupiga ramli. Kwa mtoto ambaye meno ya ukubwani hayajaota, mtafutie maji ya mvua ya kunywa na kupikia, kwenye tangi lililofunikwa, uyachemshe au uyatie dawa. Ya kuoga na kufulia chukua bombani, hayana neno.

Nimeambiwa muda umekwisha. Nina jambo moja tu.

Asubuhi nilifika mapema, ukumbi umefungwa, nikaenda kwenye bomba la hapo nje, karibu na mwembe, lile mnalonawia mikono na lililojaza birika la chai mtakayokunywa sasa hivi. Msishtuke, birika limechemka. Nikaacha maji yakimbie dakika mbili, nikajaza chupa hadi kwenye alama, nikatumbukiza kidonge, nikasubiri. Chupa hii hapa, pelekeni mikono kwa mikono. Iinueni kwenye mwanga wa dirisha. Hiyo waridi mnayoitafuta kwa shida, kwenye kifaa changu ilisoma 0.1.

Fundi wa hapa ananiangalia kwa jicho ambalo nalijua. Kijana wangu, sina ugomvi na wewe. Jana usiku mvua imenyesha, na nimeona bomba linavyokatiza mtaro pale kwenye daraja. Daftari lako nimelichukua kwa mwenyekiti, nimeandika tarehe ya leo, saa 1:40 asubuhi, bomba la ukumbini, 0.1, nikaweka sahihi yangu. Juu yake kuna 0.5 ya jana, na ya juzi, na ya siku iliyotangulia juzi. Hizo tutazungumza mimi na wewe baadaye. Chai iwasubiri wenzetu. Sisi twende tangini kwanza. Funguo anayo nani?